Nguo na Heshima ya Mwili

Wahenga walisema, "Kila mtoto na koja lake." Koja ni pambo la shingoni, na shingo za watoto hazilingani. Katika usemi huu mfupi mna hukumu juu ya jambo ambalo leo linawashughulisha watu wa mataifa mengi. Je, ni haki kwa mwenye kiwanda au duka la nguo kuchagua miili michache, akaitengenezea mavazi mazuri, na iliyobaki akaiacha ijitafutie? Na ikiwa si haki, je, wanunuzi wanayo ruhusa, au hata wajibu, wa kumsukuma abadilike? Wako wanaoliona swali hili kuwa dogo, la wapenda mapambo tu. Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba ni swali la utu, na kwamba utamaduni wetu unalo neno la kusema juu yake.

Nguo ina kazi tatu. Kwanza, humsitiri mtu. Pili, humkinga na baridi, jua na vumbi. Tatu, humtia mtu katika jamii, kwa kuwa yako mavazi ya kazi, ya ibada, ya arusi na ya msiba, na anayekwenda mahali pa watu huvaa kwa kadiri ya mahali pale. Kazi hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Mtu aliyekosa nguo ya kazi inayomkaa huenda kutafuta kazi akiwa ameshindwa nusu. Aliyekosa nguo ya arusi hubaki nyumbani akatoa udhuru wa homa. Kwa hiyo anayemnyima mtu vazi la kumfaa humpunguzia pia nafasi yake mbele ya wenzake.

Mavazi tuliyoyazoea katika pwani yetu na bara yake yalilijibu swali hili bila ya kelele. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na kila kipande kina urefu wa mita 1 na nusu hivi na upana uzidio mita 1 kidogo. Haina namba ya mwili. Binti mwembamba huizungusha mara mbili, mama mnene huizungusha mara moja ikamtosha, mjamzito huipandisha juu ya tumbo, na mzazi huibebea mtoto. Kikoi na msuli wa mwanamume ni vivyo hivyo, na shuka ya mfugaji kadhalika. Nguo hizi humngoja mtu azipe umbo.

Nguo ya kushonwa nayo ilifuata adabu hiyohiyo. Fundi cherehani aketiye barazani, futi yake ikimning'inia shingoni, hamwulizi mteja, "Wewe ni namba ngapi?" Humwambia, "Simama wima, mama, nyosha mkono," kisha hupima bega, kifua, kiuno, nyonga na urefu, akaandika tarakimu katika daftari lake. Tarakimu zile ni habari za mteja mmoja; hazina sifa wala lawama. Fundi akikosea, lawama humwangukia yeye, na nguo hufumuliwa ikashonwa upya. Fundi atakayethubutu kumwambia mteja akaupunguze mwili ili gauni limkae, atawapoteza wateja wote wa mtaa ule kabla ya mwezi kwisha.

Sisemi haya kwa kudai kwamba viwanda vifungwe na sote turudi kwa mafundi. Fundi huchukua siku nyingi, naye pia huharibu. Kiwanda kimewavika watu wengi kwa haraka na kwa bei ambayo mkono mmoja hauwezi. Lakini kiwanda kiligeuza mpango wa mambo. Kwa fundi, mwili hutangulia na nguo hufuata. Kwa kiwanda, nguo hutangulia, na mwili ndio unaotakiwa kuifuata. Hapo ndipo palipozaliwa saizi, na yafaa tuijue asili yake kabla hatujaihukumu.

Nguo zilizoshonwa tayari kwa wingi zilikua katika karne ya 19, hasa kwa sababu ya sare za askari. Jeshi lilihitaji makoti kwa maelfu, na wanaume wengi walipopimwa ikaonekana kwamba vipimo fulani hujirudia. Nguo za wanawake zilichelewa. Huko Marekani, katika mwaka 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ilisimamia upimaji wa wanawake karibu 15,000, kila mmoja akachukuliwa vipimo zaidi ya 50. Ilikuwa kazi kubwa na ya kusifiwa, lakini ilikuwa na dosari mbili. Waliopimwa walikuwa waliojitolea kwa ujira mdogo, na hesabu zilizotumika zilikuwa za wanawake weupe peke yao. Baadaye maduka yaliyouza nguo kwa barua yalilalamika kwamba yanarudishiwa mizigo mingi kwa kuwa nguo haziwakai wanunuzi. Ndipo mwaka 1958 serikali ya nchi hiyo ikatoa kanuni ya saizi, iliyojengwa juu ya hesabu zile. Kanuni ilirekebishwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 ikaondolewa. Tangu hapo kila kampuni ikawa na uhuru wa kuziita saizi zake ipendavyo.

Msomaji ayatazame mambo haya kwa makini. Namba ya nguo ambayo mtu huiona ukosini, akafurahi au akahuzunika, haikushuka kutoka mbinguni. Ilitungwa na watu, katika ofisi, kwa kuwapima wengine na kuwaacha wengine. Tena waliotunga wanaweza kutangua. Mwaka 2018 kampuni ya H&M, baada ya malalamiko ya wateja wake wa Uingereza kwamba saizi zake ni ndogo mno, ilitangaza kwamba vipimo vilivyokuwa vikiitwa saizi 12 katika nguo za wanawake sasa vitaitwa saizi 10. Mwanamke aliyelala akiwa 12 akaamka akiwa 10, na hakupungua hata ratili moja. Basi tujiulize: huzuni ya jana ilikuwa ya nini?

Huu ndio uovu wa kwanza ninaotaka kuutaja, nao ni uovu wa kugeuza kipimo kuwa hukumu. Nimepata kumsikia muuzaji katika duka moja la mjini akimwambia mama wa makamo, mbele ya watu, "Mama, saizi yako hatuleti." Mama yule hakujibu. Aliirudisha blauzi mahali pake taratibu, akakunja mkoba wake chini ya kwapa, akatoka. Yamkini yule kijana hakuwa na nia mbaya, kwani hata yeye hakuchagua kinacholetwa. Lakini maneno yale yalikuwa yamegeuza mzigo. Duka ndilo lililokosa nguo, na aliyetoka akiwa na haya ni mteja. Mwenye kukosa bidhaa amemwachia mnunuzi aibu ya kukosa kwake. Hili likirudiwa miaka mingi, mtu hujifunza kuuchukia mwili wake, akadhani kwamba ameumbwa vibaya, ilhali karatasi ya kukatia nguo ndiyo iliyochorwa kwa ufinyu.

Wala tusidhani kwamba wanaoachwa ni wanene tu. Yuko mrefu ambaye mikono ya shati humwishia juu ya kifundo. Yuko mfupi ambaye kila suruali lazima ikatwe. Yuko mwenye kifua kipana na nyonga nyembamba, na mwenye kiuno chembamba na nyonga pana, kama walivyo wengi katika wanawake wetu, ambao suruali ikiwapita nyonga huwa gunia kiunoni. Wako wajawazito, wanyonyeshao, wazee waliopinda mgongo, watu waliokatwa kiungo, na wale waketio katika viti vya magurudumu, ambao mshono wa nyuma huwachoma kutwa. Ukiwahesabu hawa wote, utakuta kwamba yule mtu wa kawaida ambaye nguo imeshonwa kwa ajili yake ndiye aliye adimu.

Zipo hoja za upande wa pili, na haki yatutaka tuzisikilize. Hoja ya kwanza ni ya afya. Husemwa kwamba kuwashonea watu wanene nguo nzuri ni kuwasifia maradhi. Najibu kwamba kila jambo lina mahali pake. Mwenye neno juu ya maradhi ni tabibu, naye humwambia mgonjwa kwa siri na kwa huruma. Nguo si dawa wala si adhabu. Mtu akitaka kutembea kwa miguu au kucheza mpira ili apunguze uzito, atahitaji kwanza nguo ya kufanyia hivyo. Tukimnyima, tumemfungia hata mlango wa tiba. Isitoshe, hatuwanyimi nguo wavutao sigara.

Hoja ya pili ni ya gharama. Husemwa kwamba nguo kubwa hula kitambaa kingi, kwa hiyo bei yake iwe kubwa au isitengenezwe kabisa. Ni kweli kwamba kitambaa huongezeka. Lakini katika maduka mengi nguo ya saizi ndogo na ya saizi ya kati huuzwa kwa bei moja, ingawa kitambaa chake hakilingani. Kama kitambaa ndicho sababu, mbona mwembamba hapunguziwi? Mwenye duka amekwisha kukubali kugawanya gharama baina ya wateja wake. Ila mahali fulani ameweka mpaka, akasema waliozidi hapo si wenzetu. Tunachouliza ni juu ya mpaka ule: nani aliuweka, na kwa sababu gani?

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito. Wenye viwanda husema kazi yenyewe ni ngumu, nao husema kweli. Nguo kubwa haipatikani kwa kuikuza ndogo pande zote kwa kadiri moja, maana miili haikui hivyo. Nyonga inaweza kuongezeka sana na bega lisiongezeke. Anayekuza tu hupata nguo inayoanguka begani na kubana tumboni. Yatakiwa kupima upya, kuchora upya na kujaribu juu ya watu walio hai. Kisha yako matatizo ya ghala. Mwezi wa Agosti 2021 kampuni ya Old Navy ya Marekani ilianza kuuza mitindo yake yote ya wanawake katika saizi zote, kwa bei moja, bila ya kutenga pembe ya wanene. Mwaka uliofuata ikapunguza saizi katika baadhi ya maduka, kwa kuwa kubwa zilibaki nyingi rafuni na za kati zikaisha upesi. Wapo waliosema, mnaona, hawazitaki. Mimi naona funzo jingine. Mteja aliyefukuzwa mlangoni kwa miaka 20 hawezi kurudi kwa tangazo la msimu mmoja. Imani iliyovunjwa polepole hujengwa polepole. Ugumu huu wataka uvumilivu na hesabu nzuri zaidi, na sioni kwamba watupa ruhusa ya kuliacha jambo lenyewe.

Na kwamba jambo hili lawezekana, ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 1904 mwanamke mhamiaji kutoka Lithuania, Lena Bryant, alifungua duka lake la ushonaji mjini New York. Aliwashonea wajawazito nguo za kutokea hadharani, wakati ambapo jamii yao iliona mjamzito afichwe ndani. Baadaye yeye na mumewe waliwapima wateja wao kwa maelfu, wakagundua kwamba unene nao una maumbo mbalimbali, wakawashonea wanene kwa kadiri ya maumbo hayo. Duka lake, Lane Bryant, likawa kampuni kubwa. Hakufanya sadaka, alifanya biashara. Lakini biashara yake ilianza kwa kumtazama mteja aliyekuwa mbele yake na kuamini kwamba anastahili kuvaa.

Hispania nayo yatupa mfano wa serikali iliyoingia kati. Mwaka 2006 maonyesho ya mitindo ya Madrid yaliwakataa warembo waliokonda kupita kiasi cha afya. Mwaka 2007 wizara ya afya ya nchi hiyo ikapatana na makampuni makubwa ya nguo, yakiwemo Inditex na Mango, kwamba sanamu za madirishani zisiwe chini ya saizi 38, na kwamba saizi 46 isitengwe tena kama nguo ya watu wa ajabu. Wakapimwa wanawake na wasichana 10,415, wa umri wa miaka 12 hadi 70, na mwaka 2008 ikatangazwa kwamba maumbo yao yanaingia katika makundi matatu, ambayo waliyaita mche wa duara, kengele, na lile lililobonyea kiunoni. Tazama majina hayo: hayamsifu mtu wala hayamtusi. Yanafanana na tarakimu za daftari la fundi.

Argentina ilikwenda mbali zaidi, na huko msukumo ulitoka kwa raia. Jimbo la Buenos Aires lilikwisha kutunga sheria mwaka 2001 iliyowataka wauzaji wa nguo za wasichana wawe na saizi zote. Wengi hawakuitii. Vyama vya raia havikunyamaza. Vilikusanya majibu ya watu juu ya taabu wanayoipata madukani, vikayatangaza, vikarudi tena. Mwezi wa Novemba 2019 bunge la taifa likapitisha sheria namba 27.521, iliyoagiza watu wa nchi wapimwe na saizi zote zifuate mfumo mmoja uliotokana na miili yao wenyewe. Na katika sheria hiyo mna sharti ambalo lanipendeza kuliko yote: kwamba mteja apokewe dukani kwa heshima. Watunga sheria walifahamu kwamba jeraha halikuwa la kitambaa peke yake.

Je, sisi tunasimama wapi? Nguo nyingi tunazozivaa leo hutoka nje, mpya au mitumba. Belo la mitumba linapofunguliwa sokoni, kila nguo imo na saizi iliyotungwa kwa ajili ya miili ya watu wa mbali, na mara nyingine namba ya Ulaya, ya Uingereza na ya Marekani zimelala katika fungu moja, hazisemi lugha moja. Wahenga walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Bahati yetu ni kwamba fundi angali yupo pembeni mwa soko, akikaza hapa na kulegeza pale, akiyasahihisha makosa ya viwanda ambavyo hatavijua kamwe. Yeye ndiye anayeilipa, pamoja na mnunuzi, gharama ambayo kampuni ilikataa kuilipa.

Katika historia yetu tumepata kujadili mavazi kwa ukali. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia zikapigwa vita mjini Dar es Salaam. Wazee wetu wametusimulia habari za siku zile, na kila mmoja ana maoni yake. Mimi nataka kutaja jambo moja tu: bishano lile lilikuwa juu ya urefu wa nguo, na juu ya nani ana haki ya kumpima mwanamke njiani. Swali kama nguo yenyewe inamkaa mvaaji, na kama aliyeitengeneza alimfikiria, halikuwa ndilo bishano. Taifa lililokwisha kupima mapindo ya sketi haliwezi kusema kwamba saizi ni jambo dogo mno kwake.

Basi nasi tuanze na lililo karibu. Serikali na mashirika ya umma ni wateja wakubwa wa nguo, kwa kuwa kuna sare za wauguzi, askari, wafanyakazi wa bandari, na kuna sare za shule ambazo wazazi hununua kila mwaka. Mwenye kuandika masharti ya zabuni aandike pia kwamba nguo ziwatoshe wote watakaozivaa, na kwamba muuguzi mnene asilipe kwa fundi kutoka mfukoni mwake ili avae sare ya kazi aliyopewa. Msichana wa darasa la 7 ambaye mwili wake umetangulia wenzake asikae nyuma kabisa ya darasa kwa sababu vifungo vya shati vimekataa kufunga. Shirika la Viwango Tanzania lipo tangu mwaka 1975. Kupima miili ya watu wetu, kwa ridhaa yao na kwa adabu, ili viwanda vyetu vipate saizi zetu, ni kazi istahiliyo jina lake.

Mnunuzi naye ana sehemu yake. Asipokuta nguo yake, aulize, na amwulize mwenye duka, si kijana wa rafuni. Asipojibiwa, aandike. Nguo iliyoandikwa uongo airudishe. Aliyewashonea watu wote vizuri amsifu hadharani na kumpelekea wateja. Na pale kampuni zinapotangaza kwamba zinawapenda watu wa maumbo yote, azingoje rafuni, maana ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Zaidi ya hayo, yule ambaye nguo zote zinamkaa asinyamaze kwa kuwa yeye hana shida. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini anaweza kumwuliza.

Mimi ni mtunga mashairi, na nimezoea kufunga maneno kwa mizani, ambayo nayo ni namna ya kipimo. Katika ushairi tunajua kwamba kipimo ni kizuri kinapoyahudumia maneno, na ni kibaya kinapoyakata ulimi. Haya ndiyo niliyoyaona juu ya nguo:

Nguo ni ya mwanadamu, si mtu wa nguo yake,
Ewe fundi ufahamu, mwili na heshima zake,
Kipimo kisidhulumu, mtu asiaibike,
Nguo ifuate mtu, mtu asiifuate.